Jike Mwenye Kipembe Kimoja

Barking, London
Jumapili, 2 Machi 2025

Dada yangu Teresia,

Shikamoo. Suad atakapokukabidhi bahasha hii pale Tanga, naomba akukute u mzima, na goti la Baba liwe limempa nafuu ya kufika kanisani bila kushikwa mkono. Suad ni Mpemba tunayefanya naye kazi ya kutunza wazee. Anakwenda kumwona shangazi yake, na amekubali kuibeba barua kwa sharti kwamba nisimwongezee na viatu vya mtu. Anasema kila akikata tiketi, watu wa kwetu walioko huku humgeuza lori.

Sisi hatujambo. Mwende bado anafanya kazi hospitali ileile, siku hizi wodi ya watoto, na hurudi nyumbani na nyimbo zao ambazo hazimtoki kichwani. Tatiana ametimiza miaka kumi na miwili. Kiswahili anakielewa chote, hata kile tusichotaka akielewe, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Baridi imeanza kulegea. Juzi nimeona watu wanakaa nje ya duka la chai bila kofia.

Ujumbe wako wa tarehe 26 Januari nimeusoma mara nyingi. Umesema kikao cha kupitia upya mipaka ya hifadhi kitakaa Alhamisi, 27 Machi, na kwamba afisa wa wilaya amewaambieni waziwazi kuwa asiye na karatasi asije na machozi. Umesema Baba sasa ana miaka themanini na moja, na hana haja nyingine duniani ila kuingia tena katika shamba lake la iliki pale Kwembuzi, ashike miche kwa mkono wake. Ukaniomba, kwa kuwa niko London ambako Dokta Philippe, yule mtafiti wa vinyonga, alileta wanyama wake, nitafute karatasi ya kuonyesha kwamba kinyonga aliyesababisha kilima kile kifungwe si wa pale. Nimeitafuta na nimeipata. Nitakueleza kwa mpangilio, kama nilivyoandika katika shajara, maana nikiruka hatua nitashindwa kufika mwisho.

Tarehe 3 Februari niliandikia nyumba moja ya makumbusho wanakohifadhi viumbe wa dunia nzima katika chupa za spiriti. Niliwapa jina la kilima, mwaka, na jina la Dokta Philippe. Alinijibu mama mmoja anayeitwa Jennifer, msimamizi wa chumba cha mijusi na vinyonga, akanipa miadi ya Jumanne, tarehe 18. Siku hiyo nilikuwa sina zamu, na shule zilikuwa zimefungwa wiki moja, kwa hiyo nilikwenda na Tatiana. Alinung'unika tangu stesheni ya Barking mpaka tuliposhuka. Alisema wenzake wamekwenda kuteleza kwenye barafu, yeye anapelekwa kutazama maiti za mijusi.

Jennifer ni mtu mtaratibu. Alituvalisha glavu, akatuketisha mbele ya meza nyeupe, akaleta chupa moja ya kioo yenye vinyonga wawili, dume na jike. Dume ana pembe tatu, moja puani na mbili juu ya macho. Wamepauka, hawana tena rangi hata moja. Jike alikuwa amelala ubavu, na kwenye ncha ya pua yake kuna kipembe kimoja kidogo, kama punje ya mchele. Ndani ya chupa kuna kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: Kwembuzi, shamba la iliki, 13 Novemba 2009.

Jennifer aliniuliza kama nawajua. Nilimjibu kwamba nawajua vizuri, nikamweleza, naye akawa anaandika. Nakueleza na wewe, kwa sababu ndiyo hoja utakayosimama nayo mbele ya kikao, na nataka uishike kama mtu aliyewahi kuwaona.

Kinyonga wa pembe tatu wa milima yetu ya Usambara na kinyonga wa pembe tatu wa milima ya Uluguru wanafanana sana. Ukikutana na dume peke yake kwenye tawi, akiwa mbali, utaapa kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wana zile ngozi mbili nyuma ya kichwa zinazokaa kama masikio ya tembo. Mtu asiyejua hutazama pembe, na pembe hazimsaidii. Wengine hutazama rangi, na hao ndio hupotea zaidi, maana kinyonga hubadilika hata ukimwekea kivuli cha mkono wako. Kwanza tazama mgongo. Wa kwetu mgongo wake umeinuka juu na kuwa mwembamba, kama ukuta, na wa Uluguru hauna kimo hicho. Pili, na hili ndilo kubwa, mtafute jike. Jike wa kwetu hana pembe hata moja. Jike wa Uluguru ana kipembe kimoja puani. Tatu, ukijaliwa kumkuta ana mimba, subiri. Wa kwetu hutaga mayai akayafukia udongoni. Wa Uluguru huzaa watoto wakitembea.

Kwa hiyo waliomo katika ile chupa ni wa Uluguru, na hakuna mjuzi atakayebisha. Jennifer alisema hata wao wanajua hivyo tangu zamani, na ndiyo maana kilima chetu kikapata umaarufu. Kinyonga wa Uluguru kuonekana Usambara, mbali kiasi kile na kwao, ni sawa na kumkuta samaki wa ziwani katika kisima cha ua wako. Wakubwa waliamini kwamba kuna ukoo mdogo uliosalia pale Kwembuzi peke yake, na ukoo wa namna hiyo hulindwa.

Wakati tunazungumza, Tatiana alikuwa ameinama juu ya chupa. Akauliza, kwa Kiingereza chake, kama ule si mwandiko wangu. Alisema tisa zangu na moja zangu anazijua kutoka kwenye kalenda ya jikoni, zinakaa kama askari. Nikasema ndiyo, ni mwandiko wangu. Akauliza kama hilo shamba la iliki ni shamba la Babu. Nikasema ndiyo. Dada, mtoto alibadilika uso. Manung'uniko yote yalikwisha. Aliomba ruhusa ya kupiga picha, akasema atawaonyesha darasani kwamba shamba la babu yake limo katika makumbusho ya London. Njia nzima ya kurudi aliongea yeye. Mimi nilikuwa natazama madirisha ya garimoshi.

Tulipofika nyumbani Mwende aliona sura yangu, akaniuliza kama hao vinyonga wamenitolea ulimi. Nikamwambia nimeipata karatasi ya Baba. Akasema, basi mbona Baba Tatiana umekaa kama mtu amekosa treni. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Sasa, kuna yale unayoyajua vizuri kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyekaa nayo. Unajua kwamba mwaka 2011 walikuja kupima, na bikoni, yale mawe ya mpaka, zikapita chini ya shamba la Baba badala ya juu yake, shamba likawa ndani ya hifadhi. Unajua kwamba Baba alimlaumu Mzee Singano. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa njia wa Dokta Philippe, na katika mkutano wa kijiji Dokta alisimama akamshukuru yeye kwa jina, akasema bila Bwana Singano yule jike asingepatikana. Watu walipiga makofi, Baba hakupiga. Tangu siku hiyo akawa anasema Singano ameuza shamba la jirani kwa kofia ya mzungu. Watoto wakampa Mzee Singano jina la Mzee Pembe, na watu wazima wakalichukua. Alipofiwa na mkewe, Baba alikataza mtu yeyote wa nyumba yetu asiende, na wewe ulikwenda kwa njia ya nyuma, umebeba sufuria ya maharage chini ya khanga.

Na unajua la Victor, mtoto wake. Barua ya posa ilikuwa imekwisha kupokewa, tena kwa vigelegele. Baba aliirudisha pamoja na kishika uchumba kwa mshenga yuleyule, akasema hawezi kuoza binti yake katika nyumba ya wasaliti. Uliniandikia wakati ule mistari minne tu, ukasema hayo yamekwisha na nisiyataje. Sijayataja kwa miaka kumi na mitatu.

Baada ya kutoka makumbusho nilimwandikia Dokta Philippe. Amestaafu, anaishi kwao Ubelgiji na binti yake. Alinijibu siku ya pili kwa Kiswahili kilekile cha kuokoteza. Alisema amefurahi kwamba Titus yu hai, na kwamba bado ana picha yangu nimeshika rula. Kisha akasema jambo lililoninyima raha. Alisema alirudi Kwembuzi mara nne, miaka tofauti, kuwatafuta wale vinyonga. Alipanda kila mti wa ukingoni, akalala katika matope, hakumwona hata mmoja. Wenzake walimtania kwamba amegundua mzimu. Alisema anajilaumu kwamba pengine kwa kumchukua yule jike aliyezaa alimaliza ukoo mzima.

Dada Teresia, mara tatu mwezi uliopita nimekupigia simu nikikusudia kukueleza haya, na mara zote tatu tumeishia kuzungumzia mvua na goti la Baba. Kwa simu mtu anaweza kukimbilia salamu. Kwa barua siwezi, nimeshafika hapa. Na kikao kinataka karatasi yenye sahihi.

Unakumbuka kwamba wakati ule nilikuwa nina vitabu viwili. Kimoja kilikuwa cha kazi, cha Dokta, na kingine ni shajara yangu, ambayo nilianza kuiandika nikiwa kidato cha pili na sijaacha. Ninavyo vyote huku, katika sanduku chini ya kitanda. Katika kitabu cha kazi, tarehe 13 Novemba 2009, mwandiko wangu unasema dume na jike wamekamatwa shamba la iliki, saa nne asubuhi, kimo cha mita moja na nusu kutoka ardhini. Katika shajara, siku hiyohiyo, nimeandika hivi, nanakili neno kwa neno:

"Ijumaa. Nimebadilishana na Lusekelo. Nimempa madume wawili wa kwetu, amenipa hawa wawili wa kwenye kasha lake. Anasema wametoka Morogoro. Nimewaweka kwenye majani ya iliki nikawakamata tena. Dokta amefurahi."

Lusekelo utamkumbuka, yule kijana mrefu wa Mbeya aliyekuwa wakala wa mfanyabiashara wa Tanga, siku zile ambapo Serikali ilikuwa bado haijafunga biashara ya kuuza wanyama hai nje. Alilala kwetu siku mbili akisubiri gari, na kasha lake lenye matundu lilikaa katika uvungu wa ghala. Mama hakutaka hata kulipita. Alisema akikanyaga kivuli cha kinyonga atachelewa kila aendako.

Sababu yangu ni ndogo kuliko unavyodhani, na ndiyo inayoniaibisha zaidi. Nilikuwa nimejigamba. Dokta aliponichukua niwe mwandishi wake, nilimwambia kwamba shamba la Baba lina vinyonga wa pembe tatu tele, nimekua nikiwaona. Ilikuwa kweli nilipokuwa mdogo. Lakini tulitafuta siku tisa hatukupata hata mmoja pale, wale madume wangu wawili niliwapata mbali, ng'ambo ya mto, nikiwa peke yangu, na Dokta alikuwa ameshawapima na kuniambia nikawaachie, kwa hiyo nisingeweza kumwonyesha tena haohao kwamba ni wa shambani. Wapagazi wakaanza kuniuliza kila asubuhi kama vinyonga wangu wamekwenda kuhiji. Dokta alisema Jumamosi tutahama kilima. Nikaona nitaondoka pale nikiwa mwongo mbele ya watu waliobeba mizigo. Lusekelo alicheka nilipomwomba tubadilishane, akasema kinyonga kwa kinyonga, pembe kwa pembe, biashara gani hii.

Niamini katika hili moja, ingawa sistahili kuaminiwa: sikujua kwamba ni aina nyingine. Niliwachukua nikidhani ni walewale wa kwetu waliozaliwa mlima mwingine. Yule jike, kwa sababu ya kile kipembe, nilidhani ni dume mchanga ambaye pembe nyingine hazijaota. Niliwapeleka shambani nikiwa na moyo mweupe wa mtu anayedanganya jambo dogo. Nilimpa Mzee Singano mfuko aubebe mpaka kambini, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na mkono usiotikisika. Hakujua walikotoka.

Jumapili asubuhi yule jike alizaa ndani ya mfuko wa kitambaa. Watoto kumi na wanne, kila mmoja mdogo kama kiwavi, wanapanda uzi kwa uzi. Dokta alipiga magoti. Alikuwa na machozi. Akatuonyesha mgongo, akatuonyesha kipembe, akatueleza yote niliyokueleza hapo juu. Hapo ndipo nilipojifunza kuwatambua, dada, na wakati najifunza ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimeshika kalamu. Ningeweza kusema. Nilifungua kitabu cha kazi, nikaandika idadi ya watoto.

Mwaka 2011 ningeweza kusema. Siku ya mkutano, Mzee Singano alipoinuka kupokea shukrani ambazo hakuziomba, nilikuwa nimekaa nyuma ya Baba, nikaona shingo yake ikikaza. Siku posa iliporudishwa nilikuwa Tanga, nauli ya kurudi ninayo mfukoni. Kila mara nilijiambia kwamba sasa nimechelewa, na kila nilipojiambia hivyo nilikuwa bado sijachelewa. Nilipoondoka kumfuata Mwende huku, nilijua moyoni kwamba sehemu ya mbio zangu ni hiyo.

Hivi ndivyo nilivyofanya sasa. Jumatatu, tarehe 24 Februari, niliandika maelezo ya kurasa mbili nikayatia sahihi mbele ya wakili aliyeko karibu na stesheni. Nimeambatanisha nakala ya ukurasa wa kitabu cha kazi na nakala ya ukurasa wa shajara. Seti moja nimempelekea Jennifer. Alinishukuru kwa upole ambao sikuutegemea, akasema karatasi mpya itaingia katika ile chupa, ile ya zamani haitatolewa, zote mbili zitakaa humo. Seti ya pili nimempelekea Dokta Philippe. Amejibu mstari mmoja: kumbe sikuwamaliza. Ameahidi kuwaandikia wilaya kabla ya kikao. Seti ya tatu nimeituma wilayani kwa rejista, na ya nne imo humu ndani, ni yako ya kusimama nayo.

Bahasha ndogo iliyofungwa ni ya Mzee Singano. Nimemwandikia mwenyewe, na nimemwomba aisome pamoja na Victor. Sikutaka wewe ndiye uwe wa kumweleza. Mwende nilimweleza juzi. Aliniuliza kama Tatiana anajua. Nikasema bado. Akasema, utamwambia kabla ya Jumatatu, maana ile picha ameshaipanga kuipeleka shule. Nimemwambia jana. Aliifuta mbele yangu.

Sijaomba ruhusa yako kwa lolote kati ya haya, kwa sababu ningekuomba ungenihurumia, ungesema tutafute karatasi nyingine isiyo na jina langu. Shamba likirudi, nataka lirudi na habari yake yote. Wala sikuombi unisamehe katika barua hii. Miaka yako kumi na mitatu haiingii katika kurasa mbili za wakili, na mimi najua kuhesabu tarehe.

Tarehe 24 Machi nitatua Dar es Salaam. Kazini nimepata likizo ya wiki mbili. Nitafika kijijini siku moja kabla ya kikao, nami nitasimama mwenyewe mbele ya watu. Kama hutaki nilale nyumbani, mwachie Suad neno, nitalala misheni, wala sitauliza.

Wasalimie majirani wote wa upande wa mto. Wanakwaya uwaambie nawakumbuka. Mwende anakusalimu kwa heshima, na Tatiana anasema, kwa Kiswahili, shikamoo Shangazi.

Baba umsomee wewe. Msomee mchana, akiwa ameshakula, kwa sauti, bila kuruka jina la mtu. Akinyamaza, usimjazie maneno. Akiomba fimbo yake aende kwa Mzee Singano, usimzuie kwa sababu ya goti. Mpeleke.

Mdogo wako,
Titus